Nakala ya Mwezi wa Mfungo

Bi Kazija wa nyumba ya pili anasema, na akishasema habadilishi, kwamba alimwona Shaibu alasiri ile kwa kinyozi. Amekaa kwenye benchi kama watu wengine wanaosubiri zamu, kamba yake ya kuchimbia visima ameiviringa begani, shati limelowa mpaka kifuani na udongo mwekundu umemganda kwenye nyusi. Anasema Shaibu alimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba na kumuuliza habari za nyumbani, akaambiwa salama. Alipofika kwenye kona ndipo alipokumbuka kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyepika wali wa matanga ya Shaibu, na chumvi ilizidi, na watu walisema.

Mwatumu, mke wa Shaibu, aliisikiliza habari hiyo akiwa mlangoni, amempakata binti yake Zuwena. Hakupiga yowe. Hakumwambia Bi Kazija kwamba jua limemchoma kichwa. Alimfuta mtoto mate kwa ncha ya kanga, kisha akauliza kama sauti ya Shaibu ilisikika.

"Nimekwambia aliniamkia."

"Ndiyo, lakini kwa sauti? Kinyozi naye alimsikia?"

"Mwanangu, mimi nakuletea habari za marehemu, wewe unanihoji kama karani."

Mwatumu akamwomba radhi, akamkaribisha ndani, akamtilia chai. Lakini alikuwa na sababu ya kuuliza. Mtu anayeonekana tu hakumfaa kitu. Alihitaji mtu anayeweza kusema neno moja dirishani, likasikika, likaandikwa.

Ili hilo lieleweke itabidi tuieleze kidogo nchi yenyewe. Msomaji asijisumbue kuitafuta. Iko mbali mno na kwetu, na viongozi wake hawafanani na wowote tunaowajua.

*

Zamani Rejista Kuu ya nchi hiyo ilikaa katika jengo lenye paa linalovuja. Humo waliandikwa watu wote: nani kamzaa nani, nani kamwoa nani, nani anafanya kazi gani na wapi. Panya wa jengo hilo walipenda gundi ya majalada, na kwa kuwa hawakuwa na ubaguzi waliwala masikini na matajiri sawasawa, jambo ambalo ndilo hasa lililowakera wakubwa.

Wakaja wageni waliovaa suti nyepesi, wenye meno mazuri. Walisema serikali isihangaike tena, wao wataitunzia. Hamtaiona mitambo, walisema, hamtaipangusa vumbi, wala hamtaamka kuitazama ikiugua. Sisi ndio tutakaoilisha na kuitibu, na watu wakizidi sisi ndio tutakaoinenepesha. Kazi yenu itakuwa kuandika na kusoma tu. Basi Rejista ikapandishwa Winguni. Wingu lenyewe halikuwa wingu, yalikuwa majumba marefu yenye baridi kali katika nchi za watu, yamejaa mashine zinazonguruma. Lakini mwandishi wa habari alipomuuliza Waziri wa Kumbukumbu, Mheshimiwa Daktari Mkadamu, Rejista iko wapi hasa, Mheshimiwa alinyoosha kidole juu, na tangu siku ile watumishi wa serikali walikuwa wakivua kofia kila mawingu yalipotanda.

Huko Winguni Rejista ilipewa mapacha wawili, kila mmoja katika mji wake, mbali na mwenzake. Rejista ikiandika jina, mapacha nao wanaliandika. Ikianguka, pacha mmoja anasimama mahali pake, na raia hajui kama kuna aliyeanguka. Siku ya kutia saini wageni waliuliza kama serikali ingependa pia Rejista ipigwe nakala kila alfajiri, nakala hiyo ifungiwe pembeni, isiguswe na mtu. Mheshimiwa akauliza ya nini nakala ilhali mapacha wapo. Wageni wakaeleza kwa upole kwamba pacha hufanya kila afanyalo mkubwa wake. Mkubwa akiugua, pacha atamshikia zamu, lakini mkubwa akirukwa na akili, pacha naye atarukwa na akili wakati uleule. Nakala iliyofungiwa pembeni ndiyo pekee isiyofuata mkumbo.

Mheshimiwa alicheka mpaka akafuta machozi. Alisema kumfuata mkubwa hata akirukwa na akili, katika nchi ile, kunaitwa utumishi uliotukuka, na kitu kisichofuata mkumbo yeye hana mahali pa kukiweka. Kwa hiyo ikapigwa nakala moja tu, ya kujaribia, katika mwezi wa mfungo wa mwaka jana. Ikafungiwa pembeni na kusahauliwa.

Ikafika Siku ya Usafi wa Rejista. Mbele ya mabalozi na bendi ya polisi, Mheshimiwa alitaka kuonyesha jinsi atakavyowaondoa watumishi hewa. Karani alikaa kwenye kompyuta iliyofungwa utepe. Mheshimiwa akaamuru: futa. Karani akaandika futa, na kompyuta ikauliza ifute nani. Karani akamnong'oneza Mheshimiwa, na ukumbi mzima ukaona shingo yake ikivimba.

"Tangu lini mtumishi akamuuliza Waziri nani?" alisema kwenye kipaza sauti. "Iambie ifute kama ilivyoamriwa."

Ikafuta kama ilivyoamriwa. Rejista ikawasahau watu wote, na mapacha, kwa utumishi wao uliotukuka, wakawasahau kabla makofi hayajaisha. Alasiri ile nchi haikuwa na mtu hata mmoja. Bendi iliacha kupiga kwa kuwa haikujua tena kama ni bendi. Mahabusu waliambiwa wanaweza kwenda, ila askari wa kuwafungulia mlango hakuwepo kisheria.

*

Redio ilizungumza kesho yake, kwa sauti ya Mheshimiwa mwenyewe.

"Ndugu wananchi, hakuna kilichopotea. Serikali yenu imeirejesha Rejista kutoka kwenye nakala iliyoandaliwa kwa uangalifu mkubwa katika mwezi wa mfungo wa mwaka jana. Kilichomo ndicho kilichopo. Ambacho hakimo, wananchi waelewe kwamba hakijatokea, na anayedai kimetokea aeleze amekitoa wapi."

Ndivyo nchi nzima ilivyorudishwa mwezi wa mfungo. Migahawa ilifungwa mchana mpaka wataalamu walipokubaliana kuhusu tarehe. Wanafunzi walifanya tena mtihani waliokwisha kuufaulu, na wengine wakaufeli. Walioachana walirudishwa nyumba moja. Kuna bwana mmoja aliporudi kwa mkewe wa zamani alimkuta mume mpya anakula, wakatazamana, mume mpya akanawa mikono akaondoka, kwa sababu hakuwemo. Na wale waliokufa baada ya nakala wakawa hai. Serikali iliwaita Waliorejeshwa na kuwatumia salamu za pongezi.

Shaibu alikuwa mmoja wao. Alifia ndani ya kisima alichokuwa akichimba kwa amri ya serikali pembeni mwa mtaa wao. Kilichimbwa mbio mbio, bila kujengewa kuta, kwa sababu Mheshimiwa alikuwa aje kukata utepe. Udongo ulimfunika adhuhuri, Zuwena akiwa bado hajatolewa arobaini. Wenzake walimtoa wakamzika, kisha wakakimaliza kisima, na maji yake yakawa matamu. Lakini katika nakala ya mwezi wa mfungo kisima hicho kilikuwa hakijaanza hata kupimwa.

Mjumbe wa mtaa, Bwana Makungu, alikuja kumweleza Mwatumu mambo haya. Alimkuta chumbani amekaa na nguo zake nyeupe za eda. Akamwambia azivue. Mwanamke anayemkalia eda mume aliye hai, alisema, anamtakia mabaya raia, na sheria ya kumtakia mabaya raia ilikuwepo hata kabla ya Rejista.

"Amekufa kisimani, mjumbe. Wewe ulishika jeneza."

"Kisima kipi?"

Mwatumu akaonyesha dirishani. Akina mama walikuwa wanateka maji, wanataniana, ndoo zinagongana. Juu ya vichwa vyao lilisimama bango jipya la serikali: HAPA PATACHIMBWA KISIMA.

"Kisima ambacho hakijachimbwa," mjumbe akasema, "hakiwezi kumwangukia mtu." Kisha akaomba maji ya kunywa, akaletewa kata, akayamaliza yote.

Eda ikavunjwa. Ikatoka amri nyingine kwamba kila nyumba yenye Aliyerejeshwa imwekee sahani ya mchana, ili asije akadhani taifa halimtaki. Bwana Makungu alipita kukagua. Alikuwa akitazama sahani, akitazama mlango, akikaa kidogo kwa heshima. Asipotokea mtu, alikula yeye na kutoa taarifa kwamba Shaibu amekula. Mwatumu hakumlaumu, kwani mjumbe alikuwa na watoto wengi na alinawa vizuri. Lakini siku aliyoshikwa na homa mjumbe hakuja, na sahani ilikutwa tupu vilevile, na ukingoni pana alama ya kidole cha udongo mwekundu. Mwatumu aliiosha. Kesho yake akaongeza samaki.

*

Yote hayo angeyachukua, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuchukua mambo. Kilichomkosesha usingizi ni Zuwena.

Mtoto alipozaliwa, Shaibu alikwenda mwenyewe kumwandikisha, akarudi usiku miguu imevimba, amefurahi kana kwamba yeye ndiye aliyejifungua. Sasa jina lile lilikuwa limefutwa pamoja na mengine, na katika nakala halikuwemo. Na katika nchi ile asiyekuwemo hatibiwi, hasomi, na akifa haruhusiwi kuzikwa, maana utamzika nani. Tena siku zilikuwa zinakwisha. Ili aibu isirudiwe, serikali ilikuwa imetangaza Siku ya Muhuri, siku ambayo Rejista ingefungwa pamoja na mapacha wake, isiongezwe mzaliwa wa zamani wala kupunguzwa marehemu wa zamani. Ambaye hangekuwemo kufikia siku hiyo, basi tena.

Mwatumu akambeba mtoto akaenda ofisi ya wilaya. Ilikuwa na madirisha mengi, na yote yalikuwa ya kusoma. Pacha husomwa tu, haandikwi. Dirisha la Kuandika lilikuwa moja nchi nzima, katika Ukumbi wa Kumbukumbu mji mkuu. Kwenye dirisha la wilaya alikaa Bwana Pandu, mtu mpole aliyevaa miwani yenye kamba, akamtafuta Mwatumu kwenye kioo chake.

"Wewe ni mjamzito, dada," akasema. "Hongera. Ukishajifungua njoo."

"Nimeshajifungua. Huyu hapa."

Bwana Pandu aliangalia mapajani mwa Mwatumu, kisha akaangalia ukutani. "Huyo simwoni."

"Anatafuna kamba ya miwani yako."

"Naihisi kamba inavutwa," Bwana Pandu alikiri, "lakini mtoto simwoni."

Hakuwa mtu mbaya. Aliinama akamweleza kwa sauti ya chini, kama anayemweleza mtu njia ya mkato. Katika Rejista, alisema, hakuna anayesimama peke yake. Mtoto amefungwa kamba kwa baba, baba kwa mke, mke kwa nyumba, nyumba kwa mtaa. Huwezi kumtia mtoto asiye na pa kufungwa. Baba akiwa hai, baba ndiye anayemwandikisha mtoto. Baba akiwa amekufa, mama mjane anaruhusiwa. Sasa Shaibu yu hai, kwa hiyo Mwatumu haruhusiwi.

"Basi yeye ataruhusiwa."

"Hataruhusiwa. Ni Aliyerejeshwa. Waliorejeshwa wanasomwa tu, hawaandiki jambo jipya, wataivuruga nakala. Wana ruhusa ya jambo moja. Mwenyewe anafika Dirisha la Kuandika, anasema kwa kinywa chake kwamba amekufa. Wanamfuta, wewe unakuwa mjane, mtoto anaingia."

"Mtu aliyekufa aende akaseme amekufa."

"Nani mwingine anayejua vizuri zaidi?" Bwana Pandu akauliza, na alikuwa anauliza kweli.

Mwatumu alikuwa ameshainuka aende zake, ndipo karani, labda kwa huruma, akamwambia kuna kitu anachoruhusiwa kumfanyia. Anaweza kumsomea habari za mumewe.

Habari gani, Mwatumu akauliza, za mtu aliye chini ya udongo? Bwana Pandu akaeleza kwamba Wizara iliona aibu, Waliorejeshwa walikuwa wengi na hawafanyi lolote, nakala ikaonekana kama imelala. Nchi ile mtu hanywi maji ya bomba wala hanunui nyanya bila kuweka kidole gumba kwenye kimashine, kwa hiyo siku zao za nyuma zilikuwepo zote. Wizara ikaagiza zirudiwe, tarehe kwa tarehe. Alichofanya mtu tarehe hii mwaka jana, anakifanya tena leo. Bwana Pandu akapangusa miwani, akasoma.

"Jana Shaibu Mrisho amempeleka mkewe dispensari. Mkewe ameambiwa ana mimba. Wakirudi, amenunua ndizi mbivu."

Mwatumu akakaa tena. Aliikumbuka siku ile. Shaibu alizibeba ndizi kichwani njia nzima na hakumruhusu yeye kubeba hata mkoba, na kila waliyekutana naye alimpa ndizi bila kumweleza sababu, mpaka walipofika nyumbani zimebaki mbili zilizopondeka. Haya hayakuwemo kwenye Rejista. Rejista ilisema ndizi tu. Lakini yalikuwa yamefungwa kamba kwenye ndizi, naye aliyavuta yote.

Akawa anakwenda karibu kila siku. Kulikuwa na wanawake wengine kwenye foleni ile, wake na akina mama wa Waliorejeshwa, wamejifunika kanga mpaka kwenye nyusi, hawasemeshani. Kila mmoja alikuwa akisogea dirishani, akisomewa, akiondoka na uso wa mtu aliyetoka kumtembelea mgonjwa akamkuta ana nafuu. Leo Shaibu amenoa sururu. Leo amekwenda kwa kinyozi. Leo amekunywa maji kwenye bomba la sokoni, akarudia. Nyumbani kukaanza kunuka udongo mbichi, harufu ile aliyokuwa akiingia nayo akirudi kazini, na mlangoni asubuhi paliloa bila mvua. Siku moja Mwatumu alifika nusu ya njia ya kurudi ndipo alipokumbuka kwamba hakuuliza lolote la mtoto. Alisimama pale barabarani, Zuwena amelala begani, na kwa mara ya kwanza tangu msiba aliogopa.

*

Kwa hiyo alasiri ile Bi Kazija alipoleta habari ya kwa kinyozi, Mwatumu hakushangaa. Alikuwa amesomewa habari ya kinyozi asubuhi hiyohiyo. Alichotaka kujua ni sauti.

Bi Kazija alikunywa chai yake akafikiri. Yeye alikuwa na shauri rahisi. Kaka yake, Mzee Darweshi, ana umbo la Shaibu ukimtazama kwa mgongo. Ajifunge kamba begani, ajimwagie maji, aende dirishani aseme amekufa, mambo yaishe. Wakamwita. Mzee Darweshi aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akawakumbusha habari za fundi cherehani wa mtaa wa pili, aliyekwenda kujifanya marehemu mkwewe. Karani alimwamini sana. Akampiga picha ya uso na kidole, akamfuta. Mpaka leo fundi yule hauziwi hata kiberiti, na mkewe ameanza kuposwa.

"Mimi nawapenda," Mzee Darweshi alisema, "lakini si kiasi hicho."

Bi Kazija akamwambia hata akiwa hai hana faida, mzee akacheka akaomba sukari zaidi. Mwatumu hakucheka. Alikuwa anahesabu jambo kimoyomoyo. Mwaka jana, siku chache baada ya ndizi, Shaibu alipanda basi la alfajiri kwenda mji mkuu kuchukua leseni ya uchimbaji. Ilikuwa mkesha wa harusi ya mdogo wake, akachelewa kurudi, ukoo mzima ukamsema. Na leseni hizo zilitolewa ndani ya Ukumbi wa Kumbukumbu, ukumbi uleule wenye Dirisha la Kuandika. Tarehe ile mwaka huu iliangukia siku moja kabla ya Siku ya Muhuri.

Kama Rejista ilikuwa inamtembeza Shaibu tarehe kwa tarehe, basi siku hiyo itampeleka ukumbini yenyewe. Mwatumu hakuwa na haja ya kumtafuta. Ni kwenda tu kumngoja.

Alimweleza Bi Kazija polepole. Bi Kazija akaweka kikombe chini.

"Na akishafutwa, mwanangu? Yule wa kwenye dirisha la Pandu hutamsikia tena. Hata huko kwa kinyozi hatakaa."

"Najua."

"Unajua kwa kichwa au unajua?"

Mwatumu alimbadilisha Zuwena bega.

*

Ukumbi wa Kumbukumbu ulikuwa na dari refu na picha ya Mheshimiwa akitazama juu, alikokuwa amenyoosha kidole. Siku ile ya mwisho ulijaa. Watu walikuwa wamebeba vitu ambavyo Rejista haikuvijua: mtoto, cheti cha ndoa mpya, mguu wa bandia wa mtu ambaye kwenye nakala alikuwa bado na miguu yote. Askari wa mlangoni alimwomba kila anayeingia aweke kidole kwenye kimashine. Alipofika Zuwena alimruka kwa macho, akamwambia Mwatumu aangalie asiangushe mzigo wake.

Walisimama tangu asubuhi. Bi Kazija aliyekuja kuwa shahidi aligombana na waliojipenyeza foleni, akasinzia kwa kusimama, akagombana tena. Jua lilipoanza kuinama kwenye madirisha ya magharibi, walifika mbele. Karani wa Dirisha la Kuandika alikuwa msichana mwenye hina vidoleni, amechoka, si mkali. Mwatumu akamweleza yote kwa mpango: mume, kisima, mtoto. Msichana alisikiliza akibonyeza.

"Kisima hakipo," akasema. "Mtoto hayupo. Mume yupo. Yuko wapi aje akiri?"

"Nitazamie, mdogo wangu. Nadhani amefika."

Bi Kazija akamfinya mkono. Msichana akatazama kioo, na kwa mara ya kwanza siku ile alionekana kuridhika, kama mtu aliyekuta hesabu imetoka sawa.

"Kweli, amefika. Shaibu Mrisho, mchimba visima. Ameweka kidole mlangoni asubuhi, kabla yenu. Hajatoka. Yumo humu ndani." Akavuta kipaza sauti karibu. "Shaibu Mrisho, mchimba visima, unaombwa ufike Dirisha la Kuandika. Shaibu Mrisho."

Jina lilizunguka dari likarudi. Watu wakanyamaza. Wale waliokuwa na Waliorejeshwa wao walielewa upesi kuliko wengine, wakageuka kutazama nyuma, na foleni ikaachana yenyewe, huku na huku, ikabaki njia katikati yenye upana wa mtu mmoja aliyebeba kamba. Harufu ya udongo mbichi ilikuja mpaka dirishani. Askari wa mlangoni alivua kofia bila kujua kwa nini, kwani nje mbingu zilikuwa nyeupe, hazina wingu hata moja.

"Si lazima asogee," msichana alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Akisema hapohapo alipo, inatosha. Aseme amekufa. Kipaza sauti kitachukua. Lakini asichelewe, dada, nafunga, na kesho ni muhuri."

Mwatumu aligeuka akaitazama ile njia tupu. Alikuwa amejiandaa kumwona, na hakuona kitu, ila sakafu iliyoloa kidogo karibu na benchi la mwisho, kama mahali palipokaliwa na mtu aliyetoka majini. Alimshusha Zuwena begani, akamkalisha mkononi, uso wake uelekee huko.

"Baba Zuwena," alisema, hakupaza sauti. "Najua hapa panakufaa kuliko kule walikokufukia. Na mimi pananifaa, nimekuwa nikija kukusikiliza, nikakuwekea samaki. Sikufukuzi. Lakini huyu hana pa kukaa. Ulimwandikisha mwenyewe, ukarudi miguu imevimba, wakaifuta kazi yako. Nisaidie kuirudia. Sema neno moja tu wasikie, basi."

Kidole chenye hina kilikuwa juu ya kitufe. Zuwena alinyoosha shingo, akatafuta, macho yake yakakaa mahali pamoja katikati ya benchi na njia, na akacheka, kicheko kile anachompa mtu anayemjua.

Msichana wa dirishani akainua macho kutoka kwenye kioo. "Amesema?"

Bi Kazija alifunika mdomo kwa kanga. Ukumbi mzima ulikuwa umeinamisha vichwa kusikiliza.

"Sema, Shaibu," Mwatumu akaomba.